Mibuni 120 si data 120: mwongozo kamili wa kuchagua kipimo cha takwimu

Kuanzia mwezi wa sita meza yangu hapa Moshi mjini hujaa flashi. Wenye flashi ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, maafisa ugani wanaojiendeleza, mara mojamoja nesi anayesomea shahada ya pili. Swali lao ni lilelile: "Kaka, hapa natumia tiitesti au kai-mraba?" Na jibu langu limeshawachosha wengi: "Kwanza niambie hizi namba ulizipataje."

Sipendi kuzungusha watu. Mwaka mmoja alikuja dada aliyefanya utafiti wa kahawa kule Kibosho. Alikuwa na mibuni 60 ya aina mpya zinazoitwa kompakti, na mingine 60 ya aina ya zamani waliyootesha babu zetu. Kila mti kaupimia kilo za kahawa mbivu msimu mzima. Tofauti ilikuwa kubwa, na p (namba inayoonyesha ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kama hiyo) ilikuwa ndogo kiasi kwamba programu ilishaandika sufuri tupu. Nikamuuliza, mibuni hiyo iko kwenye vihamba vingapi, yaani yale mashamba yanayozunguka nyumba? Akajibu bila wasiwasi: "Sita. Vitatu vina kompakti, vitatu vina ya zamani."

Hapo ndipo kazi ya mwaka mzima ilipoyeyuka. Mibuni 20 ya kihamba kimoja ina mwenye shamba mmoja, samadi ya ng'ombe walewale, kivuli cha migomba ileile, mfereji mmoja na mpogoaji mmoja. Ukipima mti wa pili kwenye kihamba hicho ni kama kumhoji mtu kisha ukamhoji mdogo wake wa nyumba hiyohiyo: unapata kitu, lakini si habari mpya kabisa. Yule dada hakuwa na data 120. Kwa swali alilouliza, lililolinganisha aina kwa aina, alikuwa na vihamba vitatu dhidi ya vitatu.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na majina ya vipimo. Ukishajua kila namba ilizaliwaje, kipimo karibu kinajichagua chenyewe.

Hatua ya kwanza: tafuta kizio chako

Kizio ni kile kitu ambacho kingeweza kuangukia kundi hili au lile peke yake, bila kuwaburuta wenzake. Kama mbolea uliigawa kwa kihamba kizima, kizio ni kihamba. Kama uliigawa mti kwa mti, mmoja na mmoja bila, ndani ya kila kihamba, kizio ni mti, ila sasa kihamba kimekuwa boma linalokusanya miti, na utapaswa kulitaja katika uchambuzi. Njia mpya ya kufundisha ikitolewa kwa darasa zima, kizio ni darasa, hata kama lina wanafunzi 80. Mgonjwa akipimwa presha mara tatu asubuhi moja, huyo bado ni mgonjwa mmoja.

Andika kwenye karatasi: "Nina vizio ___ katika kundi A na ___ katika kundi B." Ikiwa huwezi kujaza nafasi hizo, usifungue programu yoyote.

Ukigundua umepima vitu vingi ndani ya kizio kimoja, njia ya uungwana iliyo rahisi ni kuchukua wastani wa kila kizio na kuulinganisha huo. Mibuni 20 inatoa namba moja ya kihamba. Njia nyingine ni modeli mchanganyiko, inayohesabu tofauti za mti na mti na tofauti za kihamba na kihamba kwa pamoja. Ni nzuri, ila haiwezi kuumba vihamba ambavyo hukwenda. Watu huikimbilia wakidhani itawarudishia zile 120, nao huondoka wamekasirika.

Vitatu dhidi ya vitatu ni vichache kiasi gani? Chukua kipimo cha kupanga kwa nafasi, kile cha Mann-Whitney tutakachokifikia mbele. Vitu sita vinaweza kugawanywa vitatu-vitatu kwa njia 20 tu. Hata kama vihamba vyote vitatu vya kompakti vingeshinda vyote vya zamani, ushindi wa asilimia mia, p ndogo kuliko zote inayowezekana ukipima pande mbili ni 2 kwa 20, yaani 0.10. Haiwezi kufika 0.05, mpaka wa kawaida wa watafiti, hata mvua inyeshe kahawa.

Hatua ya pili: namba yako ni ya aina gani

Hapa nitapita haraka. Kuna vitu unavyovipima kwa mizani, rula au saa: kilo, sentimita, shilingi, dakika. Kuna vitu vyenye ngazi tu: "sikubali kabisa, sikubali, nakubali, nakubali kabisa". Ngazi zina mpangilio, lakini hakuna anayejua kama hatua ya kutoka "sikubali" hadi "nakubali" inalingana na hatua inayofuata. Na kuna vitu vya kuhesabu vichwa tu: amepogoa au hajapogoa, mgonjwa au mzima, anatoka Machame, Marangu au Rombo.

Kosa ninaloliona kila mwaka: mtu kaweka 1 kwa Machame, 2 kwa Marangu, 3 kwa Rombo, kisha programu imempa wastani wa 2.1 na yeye kauandika kwenye ripoti. Wastani wa Marangu na kitu gani?

Kosa la pili halionekani upesi. Una kilo kamili za kila mkulima, halafu unazikata kuwa "mavuno makubwa" na "mavuno madogo" ili utumie kai-mraba kwa sababu ndicho kipimo unachokijua. Umetupa sehemu kubwa ya habari uliyoipandia mlima kuitafuta. Ukiwa na kilo, baki na kilo.

Hatua ya tatu: je, namba zina wenza?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa nyingi za utafiti hupotea, na mimi mwenyewe nilishawahi kuzipoteza za mtu.

Namba zina wenza pale ambapo kila namba ya kundi la kwanza ina ndugu yake mmoja maalumu katika kundi la pili: mgonjwa yuleyule kabla na baada ya dawa, kiraka chenye matandazo na kiraka cha jirani kisichonayo ndani ya kihamba kimoja, pacha na pacha. Jaribu hivi: ukichanganya mpangilio wa safu moja kwenye Excel, kuna kitu kinaharibika? Kama kinaharibika, zina wenza.

Tuone kwa hesabu. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya somo. Vihamba vinane, kila kimoja kina kiraka kisicho na matandazo na kiraka kilichotandazwa majani ya migomba. Tumepima wastani wa kilo za kahawa mbivu kwa mti.

Bila matandazo: 2.1, 3.4, 1.8, 4.0, 2.6, 3.1, 1.5, 3.7. Wastani ni 2.775.

Na matandazo, kwa mpangilio uleule wa vihamba: 2.6, 3.7, 2.4, 4.3, 2.9, 3.8, 1.9, 4.0. Wastani ni 3.2.

Tofauti ya wastani ni kilo 0.425. Sasa ukiwachukulia kama makundi mawili yasiyojuana, unatafuta mtawanyiko wa kila kundi. Mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko huo) wa kundi la kwanza ni karibu 0.92 na wa pili karibu 0.87, ambayo ni mikubwa kwa sababu vihamba vyenyewe vinatofautiana sana, kimoja kinatoa kilo moja na nusu na kingine kilo nne. Kosa sanifu la tofauti, yaani kadirio la jinsi tofauti hiyo inavyoweza kuyumba kwa bahati, linakuwa 0.446. Gawanya 0.425 kwa 0.446, t ni 0.95. Kwa digrii 14 za uhuru (namba 16 ukitoa wastani 2) t ilitakiwa ipite 2.145 ili p ishuke chini ya 0.05. Hitimisho: matandazo hayana maana yoyote, mkulima akalale.

Sasa rudi, uheshimu ujirani wao. Toa kihamba kwa kihamba: 0.5, 0.3, 0.6, 0.3, 0.3, 0.7, 0.4, 0.3. Hakuna hata kihamba kimoja ambacho matandazo yalishindwa! Wastani wa tofauti hizi ni uleule 0.425, lakini mchepuko sanifu wake ni 0.158 tu. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 8, ambacho ni 2.83, unapata kosa sanifu la 0.056. Gawanya 0.425 kwa 0.056, t ni takribani 7.6. Kwa digrii 7 za uhuru ulihitaji 2.365.

Data ni ileile, wastani ni uleule, na t imeruka kutoka 0.95 hadi 7.6. Hakuna uchawi hapo. Tofauti kati ya kihamba kizuri na kibaya, ambayo haikuwa swali letu, imeondolewa kwa kutoa tu. Nilichowahi kumfanyia mteja wangu mmoja ni ile hesabu ya kwanza. Alikuwa na jozi, nami sikuuliza.

Katika Excel kosa hili liko umbali wa kitufe kimoja. Amri ya T.TEST inataka vitu vinne: safu mbili, kisha idadi ya pande (andika 2), kisha aina. Aina 1 ni ya jozi, 2 ni ya makundi huru yenye mtawanyiko sawa, 3 ni ya makundi huru yenye mtawanyiko usiolingana. Wengi huandika 2 kwa sababu inafanana na ile 2 iliyotangulia.

Aliyeasisi kipimo hiki cha t (ndiyo ile tiitesti), William Sealy Gosset, hakuwa profesa. Aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, na shida yake ilikuwa ya watu kama sisi: sampuli ndogo za shayiri, majaribio machache, gharama kubwa. Mwaka 1908 alichapisha hesabu zake kwa jina la kujificha, Student, yaani mwanafunzi, na ndilo jina kipimo kilibaki nalo. Alipenda sana kupanga majaribio ya shamba kwa jozi, kiraka bega kwa bega na kiraka. Mtu aliyezoea miteremko ya Kilimanjaro, ambako mvua na udongo hubadilika ukipanda mwendo wa nusu saa tu, hahitaji kushawishiwa kwa nini.

Hatua ya nne: makundi ni mawili au zaidi?

Makundi mawili ya namba za mizani, huru: kipimo cha t cha Welch, ile aina 3 ya Excel. Vitabu vya darasani huanza na kipimo cha Levene kuangalia kama mitawanyiko inalingana, ndipo uchague aina 2 au 3. Msimamo wangu: ruka hatua hiyo, tumia Welch moja kwa moja. Mitawanyiko ikilingana hupotezi karibu kitu. Isipolingana, hasa kundi moja likiwa dogo, umeokoka. Msimamizi aking'ang'ania Levene mpe Levene, shahada ni yako.

Makundi mawili yenye wenza: kipimo cha t cha jozi, kama tulivyofanya.

Makundi matatu au zaidi, huru: anova. Usifanye vipimo vya t kila jozi kivyake. Makundi manne yana jozi sita. Kama vipimo hivyo sita vingekuwa huru, kila kimoja na hatari ya asilimia 5 ya kukudanganya, hatari ya kudanganywa angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Makundi matano yana jozi 10, hatari asilimia 40. Ni kama kurusha nyavu ziwani mara kumi kisha ukamshangilia samaki mmoja.

Anova, kazi ya Ronald Fisher alipokuwa kituo cha kilimo cha Rothamsted Uingereza miaka ya 1920, inauliza swali moja la jumla: je, kuna kundi lolote lililo tofauti na wenzake? Haisemi ni lipi. Ikijibu ndiyo, unafuata na kipimo cha Tukey kinacholinganisha jozi zote huku kikiibana ile hatari ibaki asilimia 5 kwa familia nzima. Lakini kama tangu mwanzo ulikuwa na swali moja tu, mathalani mbolea mbili mpya kila moja dhidi ya ile ya kawaida, huna haja ya kulinganisha kila kitu na kila kitu. Linganisha hizo mbili, rekebisha kwa njia ya Holm, ambayo nayo huibana ile hatari, basi.

Vizio vilevile vikipimwa mara tatu au zaidi, unahitaji anova ya vipimo vya kujirudia. Mfano wake mzuri uko hapahapa Moshi, mji wa mnada wa kahawa: waonjaji watano wakionja kahawa nne zilezile na kuzipa alama. Kila mwonjaji ana ulimi wake, mmoja mkali, mwingine mpole. Ukiwasahau waonjaji ukachukua alama 20 kama zimeokotwa barabarani, ukali na upole wa ndimi utahesabiwa kama mtawanyiko wa bahati tu, na tofauti halisi za kahawa zitafichwa. Alama hizo zikiwa za ngazi, kipimo chake ni cha Friedman cha mwaka 1937. Ndiyo, Milton Friedman yuleyule wa uchumi, aliyepata Nobeli mwaka 1976.

Hatua ya tano: chora kabla hujapima

Sasa tumefika kwenye lile swali ambalo vitabu vingi huanza nalo: je, data zina umbo la kengele, nyingi katikati na chache pembeni? Nimeliweka hapa chini makusudi.

Chora histogramu, au kama vizio ni vichache, weka nukta moja kwa kila kizio kwenye mstari. Tazama kwa macho. Kipimo cha Shapiro-Wilk, kinachotumika sana kujibu swali hili, kina tabia mbaya: sampuli ikiwa ndogo hakioni kitu, ikiwa kubwa kinapiga kelele kwa kasoro isiyodhuru. Yaani hukaa kimya unapokihitaji na kukusumbua usipokihitaji. Tena, kinachotakiwa kuwa na umbo la kengele si safu nzima ya namba mbichi. Kwa jozi ni zile tofauti. Kwa anova ni mabaki, yaani kila namba ukiitolea wastani wa kundi lake.

Cha kuogopa hasa ni mkia mrefu. Chukua wauza ndizi kumi wa soko la Mbuyuni. Tisa wanapata faida ya shilingi 8,000 kwa siku, wa kumi ana lori na anapata 400,000. Wastani wao ni 47,200. Hakuna hata mmoja sokoni anayepata 47,200! Mediani, yaani ya katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 8,000, na ndiyo inayowafahamu. Mapato, bei za viwanja, siku za kulazwa hospitalini, idadi ya mayai ya minyoo: vyote huwa na mkia.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua logi ya kila namba kisha utumie kipimo cha t au anova kama kawaida. Matokeo yake unayasoma kwa uwiano, "hawa wanapata mara moja na nusu ya wale", na mara nyingi ndivyo mapato yanavyofanya kazi hasa. Kukiwa na sufuri ndani, logi inagoma.

Ya pili ni vipimo vya nafasi. Unazipanga namba zote kutoka ndogo hadi kubwa na kulinganisha nafasi badala ya namba zenyewe. Mwenye lori anakuwa wa kumi tu, hata akipata milioni. Makundi mawili huru: Mann-Whitney. Jozi: Wilcoxon ya nafasi zenye alama (ya kujumlisha au kutoa), kazi ya mkemia Frank Wilcoxon ya mwaka 1945. Makundi matatu na kuendelea: Kruskal-Wallis ya mwaka 1952. Ngazi za "nakubali, sikubali" nazo zinakaa hapa vizuri.

Tahadhari mbili. Kwanza, watu husema Mann-Whitney hulinganisha mediani. Ni kweli pale tu maumbo ya makundi mawili yanapofanana. Vinginevyo kinasema mtu wa kundi hili huwa anamzidi wa kundi lile. Andika hivyo. Pili, vipimo hivi si dawa ya sampuli ndogo, ingawa ndivyo wengi walivyofundishwa. Ukiwa na jozi tano, p ndogo kabisa ya Wilcoxon kwa pande mbili ni 2 kwa 32, yaani 0.0625. Jozi sita ndiyo mara ya kwanza unaweza kushuka chini ya 0.05. Vihamba vyetu vinane vya matandazo, vyote vikiwa vimeelekea upande mmoja, vingetoa 2 kwa 256, karibu 0.008. Kwa hiyo hata kama hupendi kengele, jibu lilikuwa lilelile.

Ukiwa unahesabu vichwa

Tuseme wakulima 50 walihudhuria shamba darasa na 50 hawakuhudhuria. Waliohudhuria, 32 wamepogoa mibuni yao, wasiohudhuria, 20. Jumla waliopogoa ni 52 kati ya 100. Kama mafunzo hayana uzito, tungetarajia 26 kila upande wawe wamepogoa na 24 wasiwe wamepogoa. Kila chumba cha jedwali kimepishana na matarajio kwa 6. Sita mara sita ni 36. Gawanya kwa 26 mara mbili, kwa 24 mara mbili, jumlisha. Unapata karibu 5.77. Kwa digrii moja ya uhuru mpaka ni 3.84, kwa hiyo umevuka. Hiki ndicho kai-mraba, cha Karl Pearson, mwaka 1900, na hesabu yake unaweza kuifanya nyuma ya tiketi ya daladala.

Sharti lake linalosahaulika: ndani ya vyumba weka idadi ya vichwa, kamwe asilimia. Ukiweka 64 na 40 kwa sababu ndizo asilimia, umejizidishia wakulima ambao hukuwatembelea. Na kama matarajio ya chumba chochote yako chini ya 5, hamia kipimo kamili cha Fisher. Hicho kina hadithi ya chai: mama mmoja pale Rothamsted alidai kujua kwa kuonja kama maziwa yametangulia kikombeni au chai. Fisher akaeleza jaribio la vikombe vinane, vinne vya kila aina. Kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, kwa hiyo anayebahatisha atapatia vyote mara moja kati ya 70. Jaribu na wanaojisifu kujua kahawa ya Machame kwa harufu.

Watu walewale wakiulizwa mara mbili, kabla ya semina na baada, kai-mraba hakifai, kwa sababu kila mtu ana mwenzake ambaye ni yeye mwenyewe. Tumia McNemar. Hiki huwaacha wasiobadilika na kuwatazama waliobadilika tu. Kati ya wakulima 40, tuseme 15 walitoka "hapana" wakaenda "ndiyo", na 4 wakarudi nyuma. Toa, unapata 11. Ipige mraba, 121. Gawanya kwa 19. Ni 6.37, umevuka 3.84.

Na lile la kwanza bado lipo. Wale 50 wa shamba darasa wakiwa wote ni wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) moja, na wengine 50 wa nyingine, basi pengine unalinganisha katibu na katibu, si mafunzo na kukosa mafunzo.

Kama kila kizio kina namba mbili na unataka kujua kama zinakwenda pamoja, mathalani mwinuko wa kihamba na alama za uonjaji, hiyo si kazi ya vipimo hivi. Chora nukta, kisha tumia kipimo cha uhusiano: cha Pearson kama mstari umenyooka, cha Spearman kama unapanda bila kunyooka.

Kusoma p na kuandika ripoti

Thamani ya p hujibu swali moja jembamba: kama kweli hakuna tofauti, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii au zaidi? Haisemi uwezekano kwamba nadharia yako ni kweli. Haisemi tofauti ni kubwa. Ile 0.05 yenyewe Fisher aliipendekeza mwaka 1925 kama mpaka wa kufaa kwa kazi; hakushuka nayo mlimani.

Na p kubwa haimaanishi "hakuna tofauti". Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti yenye ukubwa wa nusu ya mchepuko sanifu, unahitaji karibu vizio 64 kila kundi. Ukienda na 10 ukakosa, umekosa tochi tu.

Kwa hiyo andika ukubwa kwanza, kisha masafa ya uhakika (mipaka ambamo tofauti halisi inakadiriwa kuwamo), p iwe ya mwisho. Ule mfano wa matandazo ungeandikwa hivi: "Katika vihamba vinane, viraka vyenye matandazo vilizidi viraka vya jirani visivyonayo kwa wastani wa kilo 0.43 kwa mti (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 0.29 hadi 0.56; kipimo cha t cha jozi, t = 7.6, digrii 7 za uhuru, p chini ya 0.001)." Mkulima atakuuliza kama kilo 0.43 zinalipa kazi ya kubeba majani, na hilo ni swali zuri kuliko lolote la programu.

Programu yoyote itafaa. Jamovi na R ni za bure, hakuna haja ya kuhangaika na SPSS ya kukopi iliyojaa virusi. Jambo moja tu: chagua kipimo na uandike jina lake kwenye pendekezo la utafiti kabla hujakanyaga shambani. Anayejaribu vipimo vinne na kuripoti kile kilichompa 0.04 amerudi kwenye zile nyavu kumi za ziwani.

Yule dada wa Kibosho? Tulichora karatasi upya. Mibuni 20 kila kihamba ilikuwa mingi mno, na vihamba vitatu vichache mno. Kama angekuja kabla, ningemwambia achukue vihamba 12 kila upande na mibuni mitano tu kila kihamba: idadi ya miti ni ileile 120, miguu tu ndiyo ingechoka zaidi. Msimu ulikuwa umebaki mwezi mmoja na kidogo. Akaniuliza, "Nikiongeza vihamba vya Uru, si kata nyingine, wataniruhusu?" Nikamwambia avichukue kwa jozi, kimoja cha kompakti na kimoja cha zamani kwenye kitongoji kimoja, na kila jozi aiandikie jina la kitongoji chake kwenye safu ya kwanza kabisa.